Diski ya L4/L5 imebana neva: sindano, tundu dogo au kusubiri?

Mwana_Nansio

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa mgongo wanisaidie.

Mgonjwa ni kaka yangu, miaka 41, mpakiaji mizigo Mwaloni Kirumba, Mwanza. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kalio la kushoto na nyuma ya paja, yanashuka ubavuni mwa shavu la mguu mpaka juu ya unyayo. Hii ni wiki ya saba. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kina ganzi na hakinyanyuki kwa nguvu kama cha kulia. Haja ndogo na kubwa hana shida. Ana kisukari, anatumia metformin.

Majibu ya MRI (picha ya mashine ya sumaku) yanasema diski ya L4/L5, yaani mto ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imepasuka, kipande kimetoka upande wa kushoto na kinabana mzizi wa neva wa L5. Ya L5/S1, iliyo chini yake, wameandika kwamba imevimba kidogo.

Tumepata kauli tatu: mmoja kasema sindano ya mgongoni, wa pili upasuaji wa tundu dogo, wa tatu kasema asubiri na afanye mazoezi. Tumsikilize nani? Hilo tundu dogo ni upasuaji gani hasa, huwa kunaharibika nini, na akishatibiwa atabeba mizigo tena lini?

---

Tabibu_Mgongo

Pole kwa kuuguza, mkuu. Hao watatu hawapingani sana, kila mmoja anaongelea hatua yake. Kinachoamua ni kama picha inakubaliana na mwili, mguu una nguvu kiasi gani, na dalili zimedumu muda gani.

Nianze na picha, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Diski nyingi zinazotoka kiunoni ni hizo mbili za chini, L4/L5 na L5/S1. Ya L4/L5 ikitokea pembeni kidogo ya katikati, hubana mzizi wa L5 unaopita hapo kuelekea chini. L5 ndiyo inayonyanyua kidole gumba na unyayo, na ngozi yake ni ubavu wa shavu la mguu na juu ya unyayo. Kwa hiyo dalili za kaka yako na MRI vinaelekeza mahali pamoja. Ingekuwa S1, ganzi ingekuwa kwenye kidole kidogo na ukingo wa nje wa unyayo, angeshindwa kusimamia vidole vya mguu huo, na akigongwa kano ya kisigino kwa nyundo mguu usingeruka.

Hiyo L5/S1 iliyovimba kidogo msiihangaikie. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapiga MRI watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja, na asilimia 27 walikutwa na iliyochomoza. Ukipasua kwa kufuata karatasi ya majibu peke yake, unaweza kutoa diski isiyohusika na mtu akabaki na maumivu yaleyale.

Nguvu za mguu mnaweza kuziangalia nyumbani. Atembee kwa visigino, vidole vikiwa juu, hatua kumi hivi, mtu amshike mkono asianguke. Kisha alale chali, anyanyue kidole gumba huku wewe unakikandamiza kwa kidole chako kimoja, ulinganishe na mguu wa kulia. Sisi hupima nguvu kwa alama 0 hadi 5. Kidole kikinyanyuka lakini kinazidiwa ukikikandamiza kwa nguvu, hiyo ni 4, na kama hakizidi kudhoofika bado kuna nafasi ya kupanga. Kikinyanyuka chenyewe lakini ukikigusa tu kinashuka, hiyo ni 3. Kufikia 3, au kila siku kinazidi kushuka, msikae nyumbani mkihesabu wiki.

Kuhusu muda: wagonjwa wengi wa aina hii hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Na neno "kipande kimetoka" linatisha kuliko linavyostahili. Kipande kilichotoka nje ya diski hufikiwa na chembe za kinga za mwili, zinakimeng'enya taratibu mpaka kinanywea. Diski iliyovimba tu mara nyingi hukaa vilevile.

Waholanzi walilinganisha mwaka 2007 wagonjwa wenye maumivu makali ya wiki 6 hadi 12: nusu wapasuliwe mapema, nusu wasubiri wakitibiwa. Mwaka ulipoisha, takribani 95 kwa 100 pande zote mbili walikuwa wamepona. Tofauti ilikuwa kasi. Waliopasuliwa mapema walipata ahueni katika wiki 4 hivi, waliosubiri wiki 12, na asilimia 39 ya waliosubiri waliishia kupasuliwa. Mwajiriwa wa ofisini anaweza kuzistahimili hizo wiki nane za tofauti. Mtu anayelipwa kwa mzigo aliobeba leo hana likizo ya ugonjwa, na mimi naona hilo ni jambo halali kabisa kulizungumza na daktari.

Mwisho, dharura. Akianza kushindwa kukojoa au mkojo ukamtoka bila kujua, choo kikamponyoka, ganzi ikaingia sehemu za siri na sehemu anazokalia, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, hiyo ni neva za chini zote zimebanwa. Anatakiwa apasuliwe haraka, ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na kila saa inayopungua ni faida kwake. Yakimkuta akiwa kwenu kisiwani Ukerewe usiku, msingoje kupambazuke nyumbani. Aende hospitali ya wilaya Nansio awekewe mpira wa mkojo, na rufaa ipigiwe simu papo hapo.

---

Kliniki_ya_Ziwa

Naongeza jambo ambalo sisi wa kando ya ziwa hatupaswi kulisahau. Si kila mguu unaokufa ganzi huku ni diski. Kichocho cha tumbo kimeenea sana ukanda huu, na mayai yake yanaweza kufika kwenye sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Mtu anaumwa kiuno, miguu inalegea ndani ya siku au wiki chache, mkojo unakwama. Ukiangalia haraka utasema diski. Kinachotofautisha ni kwamba mara nyingi inashika miguu yote miwili na mkojo mapema, na MRI ya dawa (mgonjwa akichomwa kwanza dawa ya kuonyesha) inaonyesha uti wenyewe umevimba. Hiyo hutibiwa kwa prazikwanteli pamoja na steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) chini ya uangalizi, haihitaji kupasuliwa diski.

Ya pili ni kifua kikuu cha pingili: homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayozidi usiku hata akiwa amelala. Dalili za mgonjwa wako ziko upande mmoja na picha imeonyesha kipande, kwa hiyo siendi huko. Lakini wengine wanaosoma uzi huu na wamepigwa eksirei tu ya kawaida wajue kwamba eksirei haionyeshi diski wala neva.

---

Dkt_Usingizi

Kuhusu sindano, kwanza tuelewane ni ipi. Siyo ile ya diklofenaki na dexa (deksamethasoni, aina ya steroidi) ya makalioni inayochomwa kila asubuhi duka la dawa. Hiyo ikirudiwa siku nyingi inachubua tumbo, inaumiza figo, na kwa mwenye kisukari dexa inapandisha sukari. Tena ikichomwa vibaya upande wa ndani wa kalio inaweza kuumiza neva kubwa ya mguu yenyewe. Hapo unyayo unalegea na hujui tena umsingizie nani, diski au sindano.

Sindano ya mgongoni inayozungumziwa hapa inaweka steroidi nje ya utando wa uti, pale neva inapotokea. Mgonjwa analala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Ngozi inatiwa ganzi. Sindano ndefu nyembamba, geji 22, inaongozwa kwa mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo mpaka kwenye tundu la neva. Kisha unaingiza mililita 1 hadi 2 za dawa ya kuonyesha na kutazama inavyosambaa. Ikifuata mzizi wa neva, sawa. Ikipotea ghafla, sindano iko ndani ya mshipa wa damu, irudishwe nyuma. Hatua hiyo hairukwi hata chumba kikiwa kimejaa wagonjwa. Ndipo inaingia deksamethasoni, kwa kawaida miligramu 10 hivi, pamoja na dawa ya ganzi kidogo.

Kwa nini deksamethasoni? Kwa sababu haina chembechembe. Steroidi zenye chembe zikiingia kwenye mshipa unaolisha uti zinaweza kuuziba, na mgonjwa akaamka amepooza. Ni nadra, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2014 kuhusu madhara ya aina hii. Ulizeni jina la dawa kabla ya siku yenyewe.

Sindano hairudishi diski mahali pake. Inatuliza uvimbe wa neva kwa wiki kadhaa, pengine miezi michache, wakati mwili unakinywesha kile kipande. Wengine haiwasaidii kabisa, na ikishindwa ya kwanza sioni sababu ya kukimbilia ya tatu. Kwa ujumla hazizidi tatu au nne kwa mwaka. Kwa kuwa ana kisukari, apime sukari kila siku kwa wiki moja baada ya sindano, itapanda. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda aseme mapema, asiache mwenyewe.

Vidonge vya pregabalini vinaandikwa sana siku hizi. Utafiti wa Australia wa 2017 haukuona vikipunguza maumivu ya mguu ya aina hii kuliko kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu kiliongezeka. Kwa mtu anayepita kwenye ubao wa kupandia boti, kizunguzungu si jambo dogo.

Na kwa wanaouliza kuhusu papai kila mada ya mgongo ikifunguliwa: kweli kimeng'enya kutoka utomvu wa papai, kimopapaini, kiliwahi kuchomwa ndani ya diski ili kuiyeyusha. Marekani waliikubali 1982, na ikaja kutoka sokoni, baadhi ya wagonjwa wakiwa wamepata mzio mkali wa kutishia maisha. Kula papai au kunywa utomvu wake hakufiki kwenye diski.

---

Mwana_Nansio

Asanteni sana madaktari, nimeelewa mengi kuliko nilivyoambiwa kote tulikopita. Leo nimempima: anatembea kwa visigino, ila kidole gumba kinazidiwa nikikikandamiza kwa nguvu. Kwa hiyo ni hiyo 4. Dkt, tukifika kwenye upasuaji, tundu dogo linaingiaje mpaka kwenye diski? Na kuna aliyetuambia mgonjwa anapasuliwa akiwa macho, ni kweli?

---

Tabibu_Mgongo

Ni kweli kwa aina moja. Chini ya jina "tundu dogo" kuna njia tatu tofauti, na mnapaswa kujua mnapewa ipi.

Ya kwanza ni ya darubini. Ilianza Ulaya miaka ya 1970 na bado ndiyo kipimo ambacho nyingine zote zinalinganishwa nacho. Mkato wa sentimita 2 hadi 3, nusukaputi au ganzi ya mgongoni.

Ya pili ni ya mrija, ilianza miaka ya 1990. Mgonjwa analazwa kifudifudi kwenye fremu, tumbo lining'inie bila kubanwa. Tumbo likibanwa, mishipa ya damu iliyo karibu na neva inavimba, damu inajaa na daktari haoni anachofanya. Eksirei inapigwa kuhakikisha pingili. Mkato wa sentimita 2 unafanywa sentimita moja na nusu hivi kutoka mstari wa katikati, mirija inapitishwa mmoja juu ya mwingine kutoka mwembamba kwenda mnene mpaka milimita 16 hadi 20, ikisukuma nyuzi za msuli pembeni badala ya kuzikata. Kupitia mrija huo unachonga ukingo mdogo wa mfupa, unafungua ligamenti ya njano (utepe mgumu unaounganisha pingili kwa nyuma), unausogeza mzizi wa neva taratibu kuelekea katikati, na kile kipande kinatolewa kwa koleo. Mara nyingi mzizi unaouona mwanzo ni mwekundu, umebapa na umekaza. Kipande kikitoka unalegea na kuanza kudundadunda. Kama bado umekaza, kuna kipande kingine kimejificha, na usifunge.

Ya tatu ni ya kamera yenyewe, endoskopu. Ngozi inakatwa milimita 8 tu. Kwa L4/L5 unaweza kuingilia ubavuni, sentimita 10 hadi 12 kutoka katikati, kwa kupitia tundu la neva, maji ya chumvi yakitiririka muda wote ili uone. Hii ndiyo inayofanywa mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi ya sindano na dawa kidogo ya kumtuliza. Faida yake ni kwamba chombo kikigusa neva anasema mguu umepigwa shoti, na unasimama hapohapo. Kwa L5/S1 mfupa wa nyonga ukiwa juu unaziba njia ya ubavuni, hivyo wengi huingilia nyuma katikati ya pingili, na hapo huwekwa nusukaputi. Maji yakisukumwa kwa presha kubwa mgonjwa huanza kulalamika shingo. Hilo ni onyo, presha ishushwe mara moja.

Matokeo ya mguu kwa njia zote tatu hayapishani sana. Uholanzi walilinganisha endoskopu ya ubavuni na ya darubini, wakachapisha 2022, na endoskopu haikuwa nyuma. Kwa hiyo mkono uliozoea njia yake una uzito kuliko urefu wa kovu. Mkiambiwa na bingwa kwamba yeye hufanya ya darubini na amefanya nyingi, msimkimbie kwa sababu mmesikia kuna kamera mahali.

Leza na kuchoma kiini cha diski kwa joto vinatangazwa sana. Hivyo ni vya diski iliyovimba ambayo pete yake ya nje haijapasuka. Kipande cha kaka yako kimeshatoka. Kupunguza kiini ndani hakukigusi kilichoko nje.

Yanayoharibika. Kwanza kukosea pingili. Kuna watu wana pingili moja ya kiunoni zaidi au pungufu, MRI inahesabiwa kutoka juu, thieta wanahesabu kutoka chini, na mkato unaangukia diski ya jirani. Ndiyo maana picha zenyewe lazima ziwe thieta, si karatasi. Pili, utando wa neva kuchanika na maji ya uti kuvuja, wachache kwa kila 100. Hushonwa au kuzibwa, na mgonjwa hulazwa siku kadhaa. Tatu, usaha ndani ya diski: mguu umepona, halafu wiki ya pili hadi ya sita kiuno kinauma vikali kuliko mwanzo, hata kugeuka kitandani hawezi. Apimwe ESR na CRP (vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini), MRI irudiwe. Nne, koleo likizama zaidi ya sentimita 3 ndani ya diski linaweza kutokeza mbele kwenye mishipa mikubwa ya damu. Nadra, lakini inaua. Tano, diski kutoka tena mahali palepale, 5 hadi 15 kwa kila 100.

Na jueni upasuaji huu ni wa mguu. Maumivu ya mguu huondoka mapema, wengine wakiamka tu. Nguvu huchukua wiki hadi miezi, ganzi ndiyo ya mwisho na inaweza kubaki kidogo. Anayepasuliwa kwa sababu ya kiuno peke yake mara nyingi hubaki na kiuno chake.

Kwa kaka yako: nguvu 4 na haishuki, wiki ya saba. Ningempa rufaa ya bingwa wa mgongo sasa hivi, hospitali ya Bugando Mwanza, ili awe kwenye mikono ya mtu. Sindano moja yenye kuongozwa kwa eksirei inafaa kujaribiwa, mguu upimwe kila wiki. Akifika wiki ya kumi au kumi na mbili bado hapati usingizi kwa maumivu, au nguvu ikishuka kabla ya hapo, apasuliwe. Kama bingwa ataona njia fulani inafaa zaidi na vifaa vyake havipo, kuna MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

---

Picha_Igoma

Kifupi kuhusu MRI: chukueni CD yenye picha zote, msibebe karatasi ya majibu tu. Upasuaji ukifika baada ya miezi mingi, au dalili zikibadilika, irudiwe, maana kipande kinaweza kuwa kimenywea. Na kama amewahi kuchomelea vyuma, aseme kabla ya kuingia kwenye mashine. Chembe ya chuma jichoni inaweza kusogezwa na sumaku.

---

Sista_Thieta

Kwa mwenye kisukari, kabla ya tarehe ya upasuaji waulize kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu). Sukari ikiwa juu kwa miezi, kidonda kinachelewa na usaha unakuwa jirani. Kama anavuta sigara aache sasa, siyo siku ya kulazwa. Antibiotiki inaingia kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya mkato, kawaida sefazolini gramu 2. Kama kuna dawa inayomdhuru aseme mapema, siyo akiwa kitandani thieta.

Nyumbani: kidonda kikavu mpaka nyuzi zitoke, siku 10 hadi 14. Asiingie ziwani kuoga. Bandeji ikiloa maji meupe kama maji ya kunywa na kichwa kinauma akikaa lakini kinapoa akilala, hiyo ni utando unavuja, arudi siku hiyohiyo. Homa, wekundu au harufu, vivyo hivyo.

---

Fizio_Nyegezi

Nimalizie swali la mizigo.

Sasa hivi kabla ya lolote: asilale kitandani wiki nzima, misuli inalegea bure. Atembee dakika 10, mara nne au tano kwa siku. Kuna zoezi la kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko. Akilifanya na maumivu yakapanda kutoka mguuni kuelekea kiunoni, ni dalili nzuri, aendelee, mara 10 kila baada ya saa tatu. Maumivu yakishuka zaidi kwenda unyayoni, aache zoezi hilo. Anayekuja kumkanyaga mgongo au kumvuta miguu mkatalieni kwa upole, hasa huyu mwenye udhaifu.

Baada ya upasuaji anasimama siku ileile na kutembea. Wiki mbili za kwanza asikae zaidi ya nusu saa bila kusimama na asibebe kinachozidi kilo 5, yaani ndoo ndogo ya maji iliyojaa tayari imezidi. Kurudi Ukerewe, kivuko ni bora kuliko mtumbwi wa injini. Kwenye kivuko anaweza kusimama na kutembea, mtumbwi unampiga chini kila wimbi. Bodaboda ya barabara mbovu asubiri wiki sita.

Wiki ya pili hadi ya sita tunafanya misuli ya tumbo na makalio: kulala chali na kunyanyua kiuno, kupiga magoti na kunyoosha mkono na mguu wa pande tofauti, sekunde 10 kila upande. Kuanzia wiki ya sita anajifunza upya kuokota: goti na nyonga vikunjwe, mzigo ugande tumboni, ageuke kwa miguu badala ya kiuno. Hilo la kugeuka ndilo linalowaumiza wapakiaji, kwa sababu mzigo unapokelewa mbele na kutupwa ubavuni miguu ikiwa imesimama palepale. Aanze na kilo 10, aongeze kidogo kila wiki kama mguu hauumi siku ya pili yake.

Gunia la kilo 50 begani si kabla ya miezi mitatu, na hata hapo abebe na mwenzake au atumie toroli. Mzungumzeni na kiongozi wa wapakiaji mapema ampe kazi ya kuhesabu magunia au kushona midomo yake kwa kipindi hicho. Tena awe na stuli ya kukalia, kushona magunia kwa kuinama ni mzigo uleule kwa L4/L5.